Jagi Lilikuwa Mkononi Mwangu

Yaya wangu Célestin, uliye mbali Lubumbashi,

Mkenya mmoja ninayefanya naye kazi alinisikia nikimtaja yaya wangu, akashangaa kwamba nyumbani tulikuwa na uwezo wa kuajiri mlezi. Nikamweleza kwamba kwetu Katanga yaya ni ndugu yako mkubwa. Halafu nikafikiri kidogo, nikaongeza: huyu wangu alinilea pia, ila hakulipwa. Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka sana.

Barua hii hutaisikia peke yako. Itasomwa Jumamosi ukumbini, mbele ya ndugu, wakwe na kwaya nzima, siku binti yako Naomie anaolewa. Msomaji ni mimi mwenyewe, ndani ya suti iliyoshonwa enzi nilipokuwa bado na kiuno. Donc naandika polepole, kwa maneno mafupi, nisije nikaishiwa pumzi katikati.

Nianze na ngumi, maana kwako mambo mengi yalianzia hapo. Unamkumbuka yule kijana wa Katuba aliyenigongesha kichwa kwenye bomba la maji? Nilirudi nyumbani nyusi imepasuka, damu imejaa jicho. Hukuuliza nani alianza. Ulikwenda ukamshika sikio, ukampiga mpaka mama yake akatoka na mchi wa kinu akaanza kukutwanga mgongoni. Na wewe hukuacha kumpiga mwanawe, ila ulimsalimu mama mtu kwa adabu zote: "Jambo, maman." Mtaa mzima ulikucheka mwaka huo. Sasa nikwambie ambalo sikukwambia: mimi ndiye niliyemtukana kwanza yule kijana, tena tusi la mama. Nikanyamaza, nikakaa kwenye kivuli cha nyumba nikakutazama ukipigwa mchi kwa ajili yangu. Niliona inafaa.

Baadaye ukaingia kwenye ndondi kweli. Ukavunjwa pua mara mbili, ukaanza kukoroma kama lori linalopanda mlima, na sisi wanne chumba kimoja. Lakini hakuna aliyenigusa tena. Ngumi zako nilizitumia kama mtu anavyotumia mwavuli wa jirani: sikuuliza umetoka wapi, nilijua tu kwamba silowi.

Ndipo tukafika huku Ulaya, na wewe ukaigundua ile baa ya Laeken. Mimi nilitaka tukanywe Matonge, mtaa wa watu wetu, kwenye muziki na mishikaki. Ulinivuta mpaka kwenye kichochoro nyuma ya kanisa, kwenye chumba chenye meza saba, jiko la makaa, vigae vyeupe na vyeusi, na wazee sita walioacha kuongea tulipoingia. Madame Lieve, mwenye baa, alishuka chini kwenye mapipa akarudi na jagi zito la udongo wa kuchoma, la kijivu, limejaa bia isiyo na povu. Bia hiyo hawaitii chachu. Wanaiacha wazi, hewa yenyewe inaichachua, halafu inalala kwenye mbao miaka. Ulionja. Ukafumba macho.

"Mais hii njo munkoyo," ukasema.

Na kweli ilikuwa munkoyo, ule wa mama, wa mahindi na mizizi, ukifika siku ya tatu, unapoanza kukung'ata ulimi.

"Bazungu beko na munkoyo," ukaniambia kwa uchungu, "na habakutuambia."

Ukamwomba Madame Lieve barafu, akakufukuza. Jumamosi iliyofuata ulirudi bila kuomba barafu, akakukubali kama mkwe. Armand, yule dereva wa tramu mstaafu aliyekaa meza ya kona, akakubatiza "champion" kwa sababu ya pua yako. Nawe ukamwita "bourgmestre", meya, kwa sababu ya tumbo lake. Mlitaniana kwa matusi ambayo siwezi kuyasoma mbele ya kwaya. Alikuwa mtu mwenye mdomo mchafu na moyo wa kawaida, kama wengi wetu.

Halafu mama akafa.

Simu ilitufikia Ijumaa. Karatasi zetu sote wawili zilikuwa ofisini zinangoja muhuri, hakuna aliyeweza kusafiri. Jumamosi, saa nane mchana, tukaenda kumnywea mama pale ambapo palikuwa na kinywaji kinachofanana na chake. Madame Lieve akatuletea jagi, akashuka tena chini. Ukapiga goti kando ya meza, ukamimina ya kwanza sakafuni, ukataja jina lake na jina la mama yake. Maiti anakunywa kwanza. Na mahali alipokunywa hapakanyagwi mpaka pakauke. Sisi hilo tunalijua tangu tumboni, kwa hiyo hatukumwambia mtu yeyote. Nani anamwambia mtu mzima asimkanyage mama yako?

Armand akatoka msalani, akaona umepiga goti na sakafu imelowa. "Champion," akasema, "kwenu hakuna glasi?" Wazee wakacheka. Akaingia katikati ya ile bia kwa kiatu chake, akasugua soli, kushoto na kulia, kama mtu anayefuta tope mlangoni. Alikuwa bado anacheka, macho kwenye kiatu chake.

Kilichofuata wanakijua watu wote wa Matonge na nusu ya Lubumbashi. Wasichojua ni nani.

Jagi lilikuwa mkononi mwangu, yaya. Nilikuwa nikingoja umalize ili nikumiminie. Nilimpiga nalo Armand kwenye shavu, na nikasikia mfupa. Alianguka chali. Pigo hilo la kwanza naweza kulitetea hata mbele ya padri: nilikuwa na msiba, sikuona vizuri. La pili nililipiga akiwa ameshaanguka. Niliinama kulipiga. Nilichagua mahali. Lilimpata kwenye jicho la kulia, jagi likapasuka, nikabaki na mkono wa jagi tu, na meno matatu ya Armand yakawa kwenye kigae cheupe, na bia na damu vikachanganyika mpaka chini ya jiko.

Watu wawili wakaruka kutoka kaunta kunishika. Hapo ndipo wewe ulipoinuka. Wa kwanza ulimpiga ngumi ya tumbo akaenda kwa mgongo mpaka kwenye jiko la moto, akalia kama ng'ombe. Wa pili alikupiga kiti kichwani, kiti kikavunjika, ukamtazama kwa huruma kabla ya kumlaza. Ulipigana kama mtu anayefanya kazi aliyoisomea. Kisha ukaninyang'anya ule mkono wa jagi.

"Toka," ukasema. "Pita ku mulango ya nyuma."

"Yaya..."

"Weye uko na batoto babili na kazi. Mimi niko na nini? Toka."

"Uko na Naomie."

"Naomie iko na mama yake. Toka, mupumbafu."

Nikatoka. Nilipita uani, nikapanda tramu na shati linalonuka bia, mwanamke mmoja akahama kiti. Nikafika nyumbani nikala. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Nilikula bukari na sombe, sahani nzima, nikaongeza.

Madame Lieve alipopanda ngazi alikukuta umesimama katikati na damu mpaka kwenye viwiko, na kipande cha jagi mkononi. Polisi walipowauliza wale wazee, walisema ni Mwafrika. Walipoulizwa Mwafrika yupi, walitazama pua yako. Na wewe ulishasema, "C'est moi," ni mimi. Nani angebisha? Miye mwenye mashavu ya kitoto, ninayewaogesha wazee wa watu kule Auderghem na kuwaimbia wakikataa kula? Bado naifanya kazi hiyo, kwa mikono hii hii. Kuna bibi ananiita "malaika". Kila akiniita hivyo nageuka kutafuta taulo.

Ulifungwa. Nilikuletea soksi, wewe ukanipa utani juu ya kahawa ya gerezani. Ulipotoka wakakataa kukupa tena karatasi, wakakupandisha ndege. Sikuja uwanjani kukuaga. Nilisema nina zamu. Sikuwa na zamu.

Miaka kumi na mmoja nimeishi hivyo, vizuri tu, nikinenepa. Ningeendelea. Usidhani dhamiri iliniamsha. Dhamiri yangu inakoroma kuliko wewe. Ni Naomie. Mwezi uliopita tulikaa sebuleni kwake kupanga harusi, na shangazi mmoja akauliza kama baba wa bibi harusi atapigiwa simu abariki. Mwanao akaweka kalamu chini.

"Non, tantine. Papa alimutoboa muntu jicho, muntu iko chini. Sipendi ile mikono ibariki ndoa yangu."

Nilikuwa na andazi la beignet mdomoni. Niliimeza nzima, ikakwama, wakanipiga mgongo wote, hata Naomie. Alinipiga mgongo kwa upole, akaniletea maji.

Alhamisi ya wiki ile nikaenda Laeken. Meza saba, vigae vile vile. Madame Lieve amepinda kama ndoano. Armand yuko kona yake, jicho la kulia limefunikwa na ngozi nyeupe, fimbo imeegemea ukuta. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Nikasema sentensi moja.

"Niliyekupiga ni mimi, si Célestin."

Akaweka glasi mezani. "Rudia."

Nikarudia.

"Kaka yako huniandikia kila Mwaka Mpya," akasema. "Ananiomba msamaha. Kwenye barua ya nne nilimsamehe. Nilikaa na barua ile wiki nzima, mke wangu akidhani nimeugua. Nilimsamehe, unasikia? Sasa msamaha wangu nimeupeleka wapi?"

Hukuniambia kuhusu barua hizo, yaya.

Akasimama. Ana miaka sabini na tisa, nikadhani ataanguka na nitampokea. Sikumpokea. Ngumi yake ilinipata mdomoni nikaenda na kiti changu mpaka sakafuni. Meno mawili, na moja lilikuwa la bandia, kwa hiyo hasara ni nusu. Madame Lieve akapaza sauti kwamba asivunjiwe glasi. Armand akachukua fimbo akaiinua. Nilikuwa chini, nimelala kwenye vigae, damu inaniingia kooni. Nikangoja. Ile fimbo ilikaa juu muda mrefu. Kisha akaishusha, akakaa.

"Kwa nini?" akauliza.

Nikamweleza kutoka pale pale chini. Mama, simu ya Ijumaa, bia ya kwanza, mahali pasipokanyagwa. Alitazama sakafu karibu na viatu vyake.

"Mngeniambia," akasema. "Ningeinua mguu."

Madame Lieve alinitupia kitambaa chenye maji baridi. Nikataka kumwagizia Armand glasi, akakataa kwa kidole. "Yule nimemsamehe. Wewe bado. Jumatatu tutakwenda kwa wakili, nitasema niliyoyasikia. Si kwa ajili yako."

Jumatatu tulikwenda. Njia nzima kwenye tramu hakuniongelesha, ila alimkosoa dereva kila kona. Wakili ameandika yote, amesema jina lako linaweza kusafishwa, ila itachukua muda, na kwamba mimi nijiandae. Nimejiandaa. Mke wangu hajaniongelesha siku tano, na yeye ni mtu wa kuongea.

Nilimwambia Naomie akiwa anakunja leso za harusi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaenda akachukua koti langu akalitupa dirishani, ghorofa ya tatu, na funguo zangu mfukoni. Akachukua sahani tatu za wageni akazipiga ukutani, moja moja, bila kunitazama. Halafu akakaa juu ya vipande.

"Ulimupiga mara ngapi, tonton?"

"Mbili."

"Ya pili alikuwa chini?"

"Alikuwa chini."

"Alors utasema ku fête ya ndoa. Debout, umesimama mbele ya bantu bote, na papa anasikia ku simu. Na ile ya pili utaisema. Usiiruke."

Sijairuka.

Kwa hiyo Jumamosi simu itakulilia, yaya, na itakuwa namba ya mwanao. Ameniuliza kama utaipokea. Nilimjibu kwamba utaipokea na utalia, na utasema umeingiwa na vumbi. Atakuomba ubariki. Yote hayo utayaweza.

Ninaloliogopa ni lingine. Nakujua. Nikimaliza kusoma, ukumbi utanyamaza, watu watanitazama, na wewe kule utasikia ule ukimya, utajua nimezungukwa. Utavuta pumzi. Utasema, "Musimusikilize, huyu mutoto anasema uongo, njo mimi," na kwa jinsi unavyosema, nusu ya ukumbi itakuamini, na mimi nitakuwa tena kwenye kivuli cha nyumba. Na nakiri mbele ya wote wanaosikia: kuna sehemu yangu itakayokuwa inaomba ufanye hivyo.

Usifanye. Ukisikia wananizomea, acha. Ukisikia kiti kimeanguka, usiulize nani. Shika simu, umbariki mwanao, na mimi uniache nipigwe.

Ni mimi mdogo wako, uliyenitoa kwa mlango wa nyuma.