Sura Yangu mu Salon ya Ndege Bila Pilote

Mama yangu mupendwa,

Nakusalimia weye na bote ba pale Mususa. Muko bazima? Magoti inaacha kukuuma, ao ingali? Miye niko muzima, Mungu asifiwe, ila kichwa ndiyo inanizunguka. Sista mumoja wa paroisse yetu, parokia ya huku, anarudi Butembo, donc nilimupa hii barua, juu ku telefone ungenikata katikati na kuniuliza kama ninakula.

Unajua kazi nilipata huku Belgique: tunatengeneza drone, ndege ndogo bila pilote, za kupeleka damu na dawa ku mahospitali. Patron wa kazi aliniambia: « Kahindo, tujitayarishe kwa salon. » Nikafikiri anataka tupange viti! Kumbe salon ni soko kubwa ya kuonyesha vitu, mais hiyo soko haina fasi, haina mahali. Iko mu ordinateur, ile kompyuta. Hakuna meza, hakuna mutu anatoka kwake. Client anakaa ku inchi yake, anafungua machine, anakuta stand yetu, kama kibanda cha sokoni. Niliuliza nivae nguo gani, batu ba kazi bakacheka. Balinipiga picha pande zote, bakatengeneza Kahindo mwingine: anasimama, anacheka, anainua mukono, na miye naongea nyuma yake ku micro. Mama, nilimuangalia yule mutu nikakosa kujua nimusalimie ao nimukimbie.

Juma iliyopita tulifanya répétition, kujaribu mbele ya siku yenyewe, na client bamoja balialikwa. Client mumoja alikuja, yeye pia sanamu tu, uso wake wa kweli sikuuona. Akauliza: « Inaweza kuachilia muzigo bila kutua? »

Nikajibu ndiyo, dawa inashuka na parachute.

« Na kama si dawa? »

Hapo nikakumbuka mama mudogo wa Beni, vile tangu vita, akisikia mulio wa ndege juu ya shamba anatupa jembe na kujificha chini ya kakao. Nikamuuliza: « Unataka kuangusha nini? »

Alipotea tu.

Patron aliniita. Hakupiga kelele. « Ku stand, hapana kuuliza client vile. »

« Basi miye sitaweza kunyamaza. »

« Hapana shida. Mwingine ataongea. »

Donc sura ni yangu, kinywa kinafunguka, mais maneno ni ya musichana mwingine! Nikaomba batoe ile sura. Alikataa, kesho yake akakubali, bila kuniangalia. Sasa stand iko na drone tu, inazunguka yenyewe, na miye balinipeleka kufunga mabatterie mu makartoni.

Mama, sijui kama nilitenda vizuri. Drone hiyo hiyo ilipeleka damu kwa mama mumoja aliyezaa vibaya, akapona. Labda yule client alitaka kumwanga mbegu tu. Benzangu banasema woga yangu ni ya bure. Nikishika rozari namuona yule Kahindo mwingine, na sijui kama balimufuta kweli ao balimuficha fasi. Weye ungefanya nini? Hapana kuniambia « omba tu ». Niambie.

Salimia kaka yangu mukubwa, yaya Kasereka, na bibi yake kule Musienene, viazi vyao vikubali mwaka huu. Koko naye, mu uzee wake, apate nguvu ya kufika ku misa. Mama mudogo wa Beni umusalimie sana sana. Akiuliza kazi yangu, umuambie nafunga makartoni.

Ni miye mutoto wako,
Kahindo