Bi Rukia Anamimina Chai

Jumanne, baada ya magharibi

Na bado sijawaomba radhi wasomaji.

Kwenye sehemu ya thelathini na moja ya hadithi yangu, niliyotuma jana kwenye kundi la Wasapu, Bi Rukia anamimina chai. Bi Rukia nilishamuua sehemu ya kumi na tisa. Nilimzika, na khitma nikamsomea. Nimechoka mpaka sikumbuki nimemuua nani.

Leo nimeshinda dukani Kariakoo na vitenge vyangu, simu nimeizima. Nilishaamua jioni niwaandikie kwamba hadithi imeishia hapo, basi.

Mchana Mama Neema wa duka la jirani akaanza kumsomea fundi cherehani sehemu ile ile, kwa sauti. Hajui kuwa mwandishi ni mimi. Nikajifanya nakunja vitambaa.

Alipofika kwenye chai, fundi akasimamisha cherehani. "Si alikufa huyu?"

"Alikufa wapi? Nani aliifunua ile sanda akamwona? Mimi nilishtuka tangu siku ya mazishi."

Nilicheka mpaka nikajifuta machozi na kitenge cha kuuza. Hadithi hii haijanichekesha tangu… sijui tangu lini.

Uchovu haujaisha. Naogopa kesho, maana wanasubiri na sina hata sentensi moja. Ila tangu nifunge duka kuna swali limenikaa kichwani, hata chakula sijagusa. Kama Bi Rukia yuko jikoni anamimina chai, kule makaburini tulimzika nani?