Karatasi Ambayo Mashini Haikufungua

Mama Vumilia,

Ni mimi Janvier, ule wa biro ya nyuma, mwenye ulikuwa unaita "mutoto wa mashini". Siku ya maziko yako nilisimama mbali, karibu na barabara, juu ya vile sikuweza kuangalia watoto wako mu macho. Watu walifikiri ni huzuni. Haikuwa huzuni tu.

Nianzie pale mambo yaliharibikia. Unakumbuka vile tulianza ile kazi, wewe na mimi na shefu Celestin: mukulima wa Kibumba ao wa Rutshuru atume swali kwa telefone, mu Kiswahili ao mu Kinyarwanda, na programu ya akili bandia itafute jibu mu makaratasi ya waagronome, wale wataalamu wa kilimo, imujibu yenyewe, bila mutu kati. Mimi niliandika programu. Wewe, mwalimu wa miaka mingi, ulitafsiri makaratasi. Kila ukiona jibu kwenye kioo uliniuliza, "Janvier, imesoma wapi?" Nami nilikujibu kwamba mashini inajua. Ulicheka kidogo, ukasema mu darasa lako mutoto aliyeandika jibu bila kuonyesha njia alipata nusu ya pointi, hata kama jibu ni sawa.

Ulikuwa unaniomba kitu cha kweli. Kuna vyombo vya kuweka ndani ya programu kama hii, vinavyoandika kila hatua yake: swali limefikaje, imetafuta nini, imefungua karatasi gani, imejibu nini. Nilivijua. Nilisema vitatuchelewesha, tutaviweka kiisha. Ukweli ni kwamba sikutaka mutu aingie mu kazi yangu na kuangalia.

Halafu Papa Bizimana wa Kibumba aliuliza afanye nini na kirabiranya mu shamba lake la viazi, ule ugonjwa wa kunyausha majani hata udongo ukiwa na maji. Programu ilimuambia akate mashina yaliyonyauka, aache mengine, yatapona. Alifuata. Alivuna vilivyobaki, akachagua mbegu humo humo, akapanda upande wa pili. Mashamba mawili yakaisha.

Mu mukutano wa Jumatatu shefu aliuliza kosa limetoka wapi. Nilikuwa sijaangalia kitu. Nilisema, "Ni tafsiri. Neno la mama limepotosha mashini." Nilisema kwa sauti ya mutu mwenye anajua. Uliweka kalamu chini. "Mutoto wangu," ulisema, "angalia kwanza vile ilipita." Nikajibu hakuna haja. Hukubishana. Shefu akasema upumzike kidogo, ukarudi kwako Majengo, na sukari yako iliyokuwa inakusumbua ikazidi. Haukurudi tena mu biro. Miezi mitatu kiisha, tulikuzika.

Sisemi ni mimi niliyekuua. Daktari alisema ni sukari. Lakini ulienda na neno langu juu yako.

Baada ya maziko shefu alikataa tuongeze wakulima wengine kabla hatujaweza kuona njia ya kila jibu. Nikaweka vile vyombo. Kazi ya siku mbili, Mama. Siku mbili tu. Kiisha nikarudisha swali la Papa Bizimana vile vile alivyoliandika, nikasoma hatua moja moja. Swali limefika sawa. Imetafuta: kirabiranya. Imefungua: karatasi ya migomba.

Ulijua wewe, mimi sikujua, kwamba mu Kinyarwanda mugomba pia unaugua kirabiranya, na kwa mugomba wanakata shina lenye ugonjwa na kuacha mengine. Mimi ndiye niliyeamuru programu ikikuta jina la ugonjwa isimame kwenye karatasi ya kwanza, ili jibu litoke haraka. Karatasi ya migomba ilikuwa ya kwanza. Ya viazi, ile uliyotafsiri wewe, haikufunguliwa hata mara moja. Nikaifungua mwenyewe. Uliandika: ng'oa kiazi chote pamoja na udongo wake, usichukue mbegu mu shamba hilo, usirudishe viazi hapo haraka. Yote yalikuwamo, kwa maneno ambayo mukulima yeyote angeelewa.

Nilitengeneza ule mustari wa programu wenye uliiamuru isimame. Ilichukua dakika chache. Na sikuambia mutu.

Nisingekuandikia haya kama yangeishia hapo. Juma lililofuata binti yako Solange alikuja mu biro na kaye yako, lile daftari la jalada la bluu. Ulikuwa umeandika humo maswali ya wakulima, vile wanavyoyasema wao, na mbele ya kila moja jibu ulilohakikisha kwa agronome. Alisema, "Mama aliomba niwaletee. Alisema itawasaidia, juu yeye aliwakosea." Nilikuwa nimesimama mbele yake. Ukweli ulikuwa mu mashini, hatua mbili nyuma yangu. Nilimuambia, "Asante, dada," nikapokea kaye kwa mikono miwili kama mutu wa heshima. Akaenda.

Niliingiza maswali yako yote pamoja na majibu yako, ili kila tukibadilisha kitu programu iyajibu kwanza, na sisi tulinganishe na yako. Iliteleza mara nyingi. Iliweka dawa ya maharagwe kwa kabichi. Ilijibu mutu wa ng'ombe kama mutu wa mbuzi. Kila mara nilifuata njia yake mpaka mwanzo, na kila mara nilifika kwa haraka yangu mwenyewe. Tafsiri yako sikuikuta na kosa mahali popote.

Jumatatu nilisimama mu mukutano, nikasema ukweli. Shefu aliniuliza, "Unajua tangu lini?" Nikajibu, majuma matatu. Aliniangalia, kiisha akaniomba nisome zile hatua kwa sauti, mbele ya wote. Nilisoma. Nilipofika "karatasi ya migomba" niliisoma mara mbili, kiisha nikamaliza.

Siku ile ile nilienda Majengo. Solange alikuwa anachambua maharagwe kwenye mulango. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. "Ungemuambia yeye," alisema. Akachukua sahani yake, akaingia ndani.

Kibumba nilienda Jumamosi. Papa Bizimana amepanda mahindi pale viazi vilikufa. Nilimueleza ni mimi. Akasema kitu ambacho sikukijua.

"Ule mama alifika hapa. Alikuja na pikipiki, miguu imevimba, hata kushuka tulimusaidia. Aliniambia ni tafsiri yake ndiyo iliharibu shamba langu. Alipiga magoti mbele ya bibi yangu."

Nilimuuliza alimujibu nini.

"Nilimusamehe," alisema. "Nilimusamehe kitu ambacho hakufanya. Sasa huo musamaha niupeleke wapi?"

Aliniambia niandikie watu wote, juu jirani zake walikuona ukiomba. Niliandika ujumbe kwa lugha zote mbili: kosa la viazi lilikuwa la Janvier, mwenye kuandika programu, na tafsiri ya Mwalimu Vumilia ilikuwa sawa. Ule wa Kinyarwanda nilimupelekea Solange kwanza ausome. Aliurudisha amesahihisha maneno mawili, bila salamu. Tukautuma kwa wakulima wote.

Solange hajanisamehe, na simuharakishi. Wewe sitakuomba musamaha. Ulishaomba wako kwa kosa langu, ukapiga magoti mu udongo wa Kibumba na miguu ile. Inatosha.

Nakuahidi hili: hakuna jibu litatoka mu mikono yangu kwenda kwa mukulima bila njia yake kuandikwa, na hakuna kitu nitabadilisha kabla maswali yako hayajapita. Na siku njia ya kosa itafika kwangu, nitakuwa wa kwanza kuisoma, nikisimama, kabla mutu hajaniuliza.

Pumzika, Mama Vumilia. Ukikutana huko na watoto wako wa darasa waliotangulia, waambie haukukosea.

Janvier