Moto wa kuomba kwa jirani

Mujukulu wangu Kabeya,

Salamu zako zimefika, na picha ya batoto nimeiweka karibu na kitanda. Shangazi yako amepona. Kuku yangu ameangua tena.

Unaniuliza uhamishe muke na batoto wapi: Mutoshi, karibu na kazi, ao hapa Manika. Mi sijui, lakini nikuambie jambo.

Bwana yangu, kambo yako muzaa baba yako, alipopata kazi hapa Kolwezi, tulionyeshwa nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa na sakafu ya sima mupya na robine ya maji ndani. Ya pili, bati lilivuja. Yeye alipima chumba kwa miguu. Mi nilibeba baba yako mugongoni, nikaenda kwa majirani kuomba makala ya moto ya kupikia, maana mama yangu alichagua nyumba vile.

Jirani wa nyumba ya robine alinipa moto, akafunga mulango. Jirani wa nyumba ya bati alinipokea mutoto, akauliza jina lake, na moto tukausahau.

Tulichukua nyumba ya bati. Mvua ya kwanza ilitulowesha wote, na kambo yako alininunia juma nzima.

Leo munapika na umeme. Basi muke wako aombe chumvi, na mutoto mugongoni.

Macho yangu yamechoka, mi nasema tu. Anayeandika barua hii ni yule jirani, na anauliza mutoto wako wa mwisho anaitwa nani.