Kiko Kilipotulia Mdomoni

Jumatano, baada ya alasiri. Joto limekaza, hakuna jani linalotikisika.

Kiko kilirudi jana kutoka Kizingitini, cha pili sasa kurudishwa. Bwana Shee, baharia mstaafu aliyekiagiza, hakukitia hata moto. Alinitumia sauti kwenye simu: "Aboud, kitu hichi chanivuta meno. Yamesalia manne, wataka niyameze?" Akacheka. Angegomba ningeona afadhali. Kisha akauliza kwa upole, "Wewe mwenyewe umekitia kanwani ukakiuma ukaona?"

Nikaizima simu.

Mimi ni fundi wa milango. Mwaka wa kumi na moja huu nachonga milango na masanduku hapa Amu, na viko nimeanza juzijuzi tu, kwa vipande vya mzeituni wa mwituni vinavyobaki. Mlango ukiwa mzito mwenye nyumba hufurahi. Ukikosea mstari, unachonga ua juu yake na mambo yanakwisha. Basi kiko cha kwanza nilikijaza maua hadi shingoni. Bwana Shee akakirudisha, akasema ni kizuri, kimekosa bawaba tu.

Cha pili nikaacha maua, nikapima kila kitu kwa rula. Kimo cha kichwa na urefu wa shingo vikawa sawasawa. Nilikiweka mezani nikakitazama kwa mbele, namna ninavyotazama mlango, nikajipongeza. Na hicho ndicho kilichorudi jana.

Fundi yeyote wa viko angekijaribu mdomoni kwanza. Mimi sikuweza. Baba alikufa kwa kifua, na kiko hakikumtoka mdomoni mpaka wiki ya mwisho. Baada ya arubaini mama alinishikisha msahafu: tumbaku isiingie kinywani mwangu, wala sigara, wala kiko hata kikiwa kitupu. Niliapa, nina miaka kumi na tisa. Nilipoanza kuchonga viko alininunia wiki nzima, halafu akasema, "Chonga. Lakini siku nitakayokuona nacho kanwani, usiniite mama."

Leo nimekivunja kiapo.

Niliurudishia mlango wa chumba cha juu, ninamofanyia kazi. Nikasema moyoni hiki ni kipande cha mti tu, hakijaona tumbaku. Nilijua najidanganya. Nikakiuma.

Kikainamia kidevuni hapo hapo.

Nikaelewa yote ambayo rula haikuniambia. Uzito wote umekaa mbele, kwenye kisigino nilichokiacha chini ya kichwa ili kisimame vizuri mezani. Mezani! Nani anavuta kiko kikiwa mezani? Na shingo nene kama mpini wa nyundo. Nikakibana kwenye jiriwa, nikaanza kukipunguza kwa tupa. Hapo jasho likanitoka, kwa sababu juu ya kile kisigino ndipo lilipo tundu la kutilia tumbaku, na ukilitoboa kazi yote imekwenda. Nikaingiza njiti, nikapima kina, nikaweka alama nje kwa penseli. Tupa, njiti, mdomoni. Tena tupa, njiti, mdomoni. Nimekiuma mara saba, nasema kweli. Mbao ya chini ilipobaki na unene wa kifuu nikaacha, nikahamia shingoni, nikaipunguza kidogo kidogo kuelekea mdomo.

Mara ya saba kilitulia. Niliachia mikono yote miwili na hakikucheza. Nilifurahi kupita kiasi. Nikasimama dirishani nacho mdomoni, mkono mmoja nyuma, nikijiona mtu.

Sikusikia mlango ukisukumwa. Mama alikuwa amesimama pale, na macho yake siku hizi yana ukungu. Hakugomba. Alisema, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu utotoni, "Baba Aboud?"

Nikakitoa haraka. "Ni mimi, mama."

Akasogea hatua moja, akanitazama. Kisha akajifunika uso kwa leso, akashuka ngazi akishika ukuta.

Hiyo ilikuwa kabla ya adhana ya alasiri. Mpaka sasa hajasema neno, wala hajaniita kunywa chai. Nasikia vyombo vikigongana chini, basi. Kiko kimelala hapa karibu yangu. Ni kizuri kuliko chochote nilichowahi kuchonga, Bwana Shee anakifuata Ijumaa, na sitaki hata kukitazama.

Ningeomba anigombeze. Ningeomba aniambie nisimwite mama, kama alivyoahidi, ili nipate pa kuanzia kuomba radhi.

Kuhusu kiapo najua la kufanya. Kafara yake inajulikana: nitalisha maskini kumi, na nikishindwa nitafunga siku tatu. Hilo halinitishi. Lakini mjane aliyemwona mumewe dirishani, akamwita, kisha akanyang'anywa tena papo hapo, huyo analipwa nini?

Nimeandika yote haya kwa sababu naogopa kushuka.

Nashuka.