Idil Ana Nyota, Mimi Nina Tarehe Moja Januari

Nimeunakili ukurasa huu kutoka daftari langu la miaka ya tisini, nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi Garissa. Maneno ni yale yale, hata yanayoniaibisha.

Jumatano, Garissa.

Joto. Tangu asubuhi hakuna upepo hata wa kutikisa shuka kwenye kamba, na maji ya mtungini yenyewe ni vuguvugu. Nimekaa kwenye mkeka nje ya chumba changu. Nataka niandike kabla ya adhana ya Magharibi, maana nikichelewa nitakuwa nimeshajitafutia visingizio.

Namwonea wivu mdogo wangu.

Haya, nimeliandika. Sasa naweza kuendelea.

Idil ana miaka ishirini. Mimi, kwa hesabu ya kitambulisho, nina ishirini na tisa. Tunaishi wote kwa Hooyo, mama yetu: yeye kwa sababu hajaolewa, mimi kwa sababu niliolewa nikarudishwa. Tangu nirudi, wageni wakija na habari za posa huwa ni zake. Kazi yangu ni kuwapelekea chai. Nilidhani nimelizoea hilo. Labda nililizoea kweli, mpaka juzi Jumatatu.

Jumatatu Idil alipita chumba cha walimu shuleni wakati wa mapumziko, akitoka kutoa kopi za karatasi zake. Ameitwa Nairobi kwa usaili wa chuo cha uuguzi, Ijumaa hii, na barua inasema aende na cheti chake halisi cha kuzaliwa au kadi ya hospitali aliyozaliwa. Cheti hana. Ana kadi. Ni kipande cha karatasi ngumu, kimegeuka rangi kama chai ya maziwa, na juu yake muuguzi fulani aliandika kwa wino wa buluu siku, mwezi, mwaka na saa. Saa kumi na mbili na dakika ishirini, alfajiri.

Mwalimu Mutindi aliiona ile saa akaweka kikombe chini. Yeye ni wa Machakos, anafundisha darasa la saba, na ana kitabu kinene cha nyota ambacho hukifunika kwa gazeti ili Maalim Yusuf, mwalimu wetu wa dini, asikione jalada. Maalim anajua. Sote tunajua.

"Nani ana bahati ya kujua hata dakika?" akauliza Mutindi. Akachukua kalamu, akachora duara, akaligawanya vipande kumi na viwili.

Alitueleza vizuri, na kama kawaida yangu nilisikiliza kama mwanafunzi. Alisema ile nyota ambayo watu huisoma magazetini, nyota ya Jua, si mtu mzima. Ni mahali Jua lilipokuwa siku ulipozaliwa, basi. Mwezi una mahali pake, nao unasema unavyohisi ukiwa peke yako. Nyota iliyokuwa ikichomoza saa ile ni uso wako, yaani mlango ambao watu hupitia kukufikia. Lakini Jua ni kiini. Alisema Jua si yale uliyopewa tayari. Ni yule unayetakiwa kukua uwe, na wengine hufa hawajafika.

Maalim Yusuf alisema bila kuinua macho kwenye daftari alilokuwa akisahihisha, "Nyota tumeumbiwa tujue njia na kibla. Hatukuumbiwa tumjue Idil." Watu wakacheka, lakini hakuna aliyeondoka.

Idil ni Simba. Tena alizaliwa Jua linapochomoza, kwa hiyo kwake kiini na mlango ni kitu kimoja. Mutindi alisema watu wa namna hiyo ni wachache. Hawafichi kitu. Wakiingia mahali, watu hugeuka. Na walimu wote, wallahi, wakageuka kumtazama mdogo wangu aliyesimama mlangoni na bahasha yake, akiona haya, akicheka, amevaa shela yangu ya kijani ambayo mimi nikiivaa nafanana na mgonjwa.

Kisha Mutindi akanigeukia. "Na wewe, Dahabo, tarehe yako?"

"Moja, Januari."

Chumba kizima kikacheka. Si kwa ubaya. Kati ya walimu kumi na mmoja, saba tumezaliwa tarehe moja Januari. Tulipanga foleni kwa chifu, karani akatuuliza umri, tukakisia mwaka, siku na mwezi akajijazia mwenyewe. Mwalimu mkuu mwenyewe ni tarehe moja Januari. Ndugu zake wanne pia.

"Basi shule hii ina zizi la Mbuzi," akasema Mutindi. Mbuzi ndiyo nyota ya Jua ya siku hizo. Akasoma kwenye kitabu: mvumilivu, mbeba mizigo, huzeeka mapema, hupata heshima akiwa amechoka.

Nilicheka na wenzangu.

Kilichoniuma si ile sifa, ingawa ilinikaa kama kiatu changu mwenyewe. Kilichoniuma ni kwamba hata hiyo haikuwa yangu. Ilikuwa ya karani. Mdogo wangu ana Jua lenye dakika zake, na mimi hata mwezi sina. Kwake kulikuwa na mtu aliyetazama saa akaandika. Kwangu, miaka tisa kabla, hakuna aliyeona haja.

Kengele ikalia. Idil akaondoka na bahasha, kadi ikabaki mezani chini ya lile duara. Mutindi akanipa. "Mpelekee mdogo wako."

Niliiweka ndani ya rejista ya darasa la tatu.

Sikumpelekea.

Naandika polepole hapa. Jioni ile nilipofika nyumbani kadi ilikuwa mkobani mwangu, ndani ya rejista, na nilikuwa na nia ya kuitoa, lakini jirani alikuwa ameshaletewa habari za Simba wa alfajiri na alikuwa akizirudia kwa Hooyo kwa sauti ya harusini. Nikasema nitampa baadaye. Baadaye Idil akaja kuniuliza kama nimeiona. Nikasema hapana. Neno lilitoka lenyewe, jepesi, na likishatoka unahitaji jingine la kulishikilia.

Jana amepekua nyumba nzima. Amerudi kwenye duka la kopi mara mbili. Mutindi, ambaye angemwambia kwamba alinipa mimi, hakuwepo shuleni, alikuwa ameenda kliniki na mtoto wake, nami nikamshukuru Mungu kwa hilo. Hebu fikiria, nilimshukuru Mungu. Kupata karatasi nyingine ni wiki kadhaa, na basi linaondoka kesho asubuhi pamoja na magari ya askari wa kulisindikiza. Kwenda bila karatasi si kitu cha kujaribu. Sisi wa huku tukifika vizuizini hatuulizwi jina kwanza. Tunaulizwa tumetoka upande gani wa mpaka.

Nilijua yote haya. Nilimsaidia kutafuta. Niliinua godoro lake ili achungulie chini.

Leo baada ya shule nilimkuta Hooyo uani akifukiza vibuyu vya maziwa, anageuza kibuyu juu ya kijinga cha moto ili moshi uingie. Huuza maziwa ya ngamia sokoni na hana simile na mtu anayeosha kibuyu kwa sabuni. Nilikaa karibu naye nikamuuliza swali ambalo sijui kwa nini sikuwahi kumuuliza.

"Hooyo, mimi nilizaliwa lini?"

Hakushangaa. "Siku ya nane baada ya mvua ya kwanza ya masika. Mchana. Tulikuwa karibu na Takaba."

"Mvua ya mwaka gani?"

"Mwaka ngamia waliposhikwa na upele."

"Hiyo si tarehe, Hooyo."

"Ni tarehe. Wewe ndiye hujui kuisoma."

Nikahesabu kichwani. Mvua ya masika huweza kuanza Machi, huweza kungoja mpaka mwisho wa Aprili. Naweza kuwa Kondoo. Naweza kuwa Ng'ombe. Ikiwa mwaka ule ilichelewa sana, hata Mapacha. Nikamwambia Hooyo, na sauti yangu ilikuwa mbaya, kwamba Idil aliandikiwa mpaka dakika.

Akaweka kibuyu chini. Alinitazama kwa muda, kama anavyotazama maziwa akishuku yameanza kuchacha.

"Unajua kwa nini aliandikiwa?"

Sikujua.

Alinisimulia akiwa ameshika kitambaa chake tu, hana kazi mkononi, na Hooyo akiwa hana kazi mkononi ujue jambo ni zito. Uchungu wa Idil ulimchukua siku tatu. Tulikuwa bado malishoni, ng'ambo ya mto. Damu haikukoma. Baba yetu alimpandisha kwenye lori lililokuwa limebeba mbuzi, na alifika hospitali akiwa hasikii miguu. Daktari alimwita baba nje. Muuguzi alibaki ndani, anatazama saa ukutani, anaandika, anatazama, anaandika.

"Nilidhani anaandika saa yangu ya kufa," akasema Hooyo. "Mtoto alipotoka hakulia. Muuguzi akatazama saa tena. Hakuandika kwa furaha, Dahabo. Aliandika kwa sababu hakujua kama ile ni saa ya kuzaliwa au ni saa ya kufa, na karatasi ilitaka saa."

Akachukua kibuyu tena.

"Wewe ulitoka mchana, bibi yako akakata kitovu, nikanywa maziwa, na keshokutwa yake tukapakia ngamia tukahama, wewe mgongoni. Hakuna aliyekuandika kwa sababu hakuna aliyekuogopea."

Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbusha bei ya sukari, kwamba alilala mwezi mzima bila kuweza kuinuka, na aliyembeba Idil mwezi ule nilikuwa mimi. Hilo nalikumbuka. Nakumbuka kichwa chake kikinukia mafuta ya samli, na bega langu la kushoto likiwa na unyevu siku nzima. Nilikuwa na miaka tisa na sikumpa mtu mwingine amshike. Ningepigana.

Niliingia ndani nikatoa rejista.

Idil alikuwa amekaa kitandani na begi limefungwa, macho yamevimba. Ameamua kwenda hivyo hivyo, na kopi tu, akaombe. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri njiani kutoka uani mpaka mlangoni: ilijichanganya na madaftari ya watoto. Mwalimu yeyote angeuamini.

Nikampa kadi. Akaishika kwa mikono miwili.

"Ilikuwa wapi, abaayo?"

"Niliificha."

Alidhani hakusikia. Nikarudia.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Nilimwona akirudi nyuma siku moja, kisha nyingine, akizikagua.

"Jana uliniinulia godoro," akasema.

"Ndiyo."

"Wewe mwenyewe uliliinua."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia habari ya Jua, na zizi la Mbuzi, na wageni wa posa, na mvua ambayo haina mwezi. Kila nilichosema kilikuwa kidogo kuliko kilivyokuwa ndani yangu. Aliposikia neno nyota alinikatiza.

"Kwa ajili ya nyota, Dahabo?"

Hajawahi kuniita Dahabo tangu ajue kusema. Mimi ni abaayo, dada yake, siku zote. Aliitia kadi kwenye bahasha, bahasha kwenye begi, akainuka akaenda chumba cha Hooyo akashusha pazia. Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga.

Sijui kama amemwambia Hooyo. Nasikia wanaongea, lakini ni habari za nauli na nani atampokea Nairobi.

Na sasa niseme lile ambalo limenifanya nitafute kalamu. Nilidhani baada ya kusikia ya hospitali, wivu utakwisha. Mtu akikuambia kwamba kitu ulichokitamani kiliandikwa kwa hofu, unapaswa kuacha kukitamani. Haujakwisha. Umehama tu. Nimekaa hapa tangu saa kumi nikijiuliza swali moja: kama kadi ingekuwa yangu, na yeye ndiye aliyeachiwa, angeificha?

Namjua. Nilimbeba. Angekimbia nayo barabarani juani, viatu mkononi, ili anifikie kabla sijafika lango la shule.

Hicho ndicho ninachomwonea wivu leo, na hakina dakika wala mwezi. Na kama kitabu cha Mutindi kina ukweli wowote, Maalim anisamehe, basi ni ule aliousema mwenyewe kabla hatujaanza kucheka: Jua ni yule unayetakiwa kukua uwe. Sijui langu liko wapi. Najua lilikuwa mbali na hapa siku hizi tatu.

Mwadhini ameanza.

Basi linaondoka saa moja asubuhi. Nitaamka kabla ya Idil, nikoroge unga, nimpikie anjera za njiani, mikate yetu myembamba, nizifunge kwenye kitambaa safi. Nitambebea begi mpaka kituoni. Akilichukua mkononi mwangu nitaliachia, sitavutana naye. Nitatembea nyuma yake.