Mota ya Cherehani

Tabora, Juni 1969

Baba Kuluthumu,

Sisi wazima. Tunakuwaza wewe huko Goweko, na tumbaku ya kijiji cha ujamaa.

Mdogo wako Lukumani alinifungia mota kwenye cherehani, ati nishone kwa mguu au kwa umeme, nipendavyo. Ili mota ienee, akakata mkanda wa kanyagio. Umeme ulipozimika, kanzu za watu zikalala nusu. Mota nimemrudishia, mkanda nimenunua mwingine.

Barua yako nimeisoma. Wasema unamwoa Batuli awe mke wa pili, nami nimpishe chumba changu. Kuoa sikukatazi, ila mjengee kwake kwanza. Ukimleta kabla ya hapo, hamtabanana: mimi na cherehani tutakuwa kwa mama yangu.

Mkeo,
Zamda